Karatasi za Madai ya Ardhi ya Meru

Mto Themi hushuka kutoka Mlima Meru ukapita mjini Arusha. Upande wa pili wa mlima huo iko Ngarenanyuki, ambako mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini, na kwa hiyo wenyeji walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa kwa maandishi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, aliyafikisha New York. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo mwaka 1967 wawili hao walichapisha kitabu juu ya madai hayo.

Yaliyopokelewa New York yamehifadhiwa. Lakini shauri kama hili huzaa karatasi nyingine nyingi: barua, nakala, orodha za michango ya nauli. Hizi hubaki majumbani, na adui zake ni wengi. Unyevu wa masika huotesha ukungu. Mchwa na mende hula karatasi na gundi. Pini za chuma hushika kutu na kuitoboa. Jua huifanya ya manjano na kuifutisha wino.

Huko Lakilaki, nje ya mji, mwaka 2016 lilifunguliwa jengo lililokusudiwa pia kutunza nyaraka za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi yake Arusha hadi 2015. Mwalimu wa Themi hana jengo la namna hiyo, wala halihitaji ili aanze. Na achomoe pini polepole. Karatasi iliyolowa na ianikwe kivulini penye hewa, kamwe si juani. Gundi ya utepe isibandikwe palipochanika, na plastiki ya moto isitumike hata kama hupendeza macho, kwani haibanduki tena. Sanduku liwekwe juu ya matofali, mbali na ukuta.

Kisha mwanafunzi aandike kwa penseli, pembeni mwa nyuma ya karatasi, jina la kijiji ilikotoka na la mzee aliyeitunza, maana karatasi isiyojulikana ilikotoka ni shahidi asiye na jina.