Alama Iliyo Juu ya Mfuko wa Unga

Zamani mnunuzi aliujua unga mwema kwa kuutazama, kuunusa na kuuonja. Lakini iko sumu ambayo jicho halioni wala ulimi hauitambui. Yaitwa aflatoksini, hutokana na ukungu wa mahindi yaliyowekwa na unyevu, wala moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 iliwaua watu 125 katika Makueni, Kitui na sehemu jirani. Mahindi yale, kwa sehemu kubwa, yalikuwa ya mashamba yao na ya masoko ya karibu, ambako mkaguzi hafiki.

Mwenye kiwanda yu katika hali nyingine. Tangu sheria ya mwaka 1974 liko Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Yeye huomba kibali; wakaguzi huingia kiwandani, huchukua unga kidogo na kuupima. Leo sumu hiyo haitakiwi kuzidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Akifaulu, huruhusiwa kutia alama ya ubora juu ya mfuko. Huruhusiwa, nasema, maana hakupewa iwe mali yake: Novemba 2019 aina 5 za unga zilionekana kupita kipimo hicho, vibali vikasimamishwa, na wenye viwanda wakaamriwa kuurudisha unga uliokwisha kufika madukani.