Doa la Kutu katika Mti wa Gobori

Kilimatinde imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali nchi ya Wagogo inapokaribia pori lililoitwa Mgunda Mkali. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ililivuka pori hilo baada ya kulipa hongo kwa watemi wa Ugogo. Na magobori, yaliyoingia bara kwa njia ya Unguja, yalikuwa ulinzi wake na bidhaa yake pia. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walijenga boma Kilimatinde. Vita ilipozuka mwaka 1914, askari wao wengi walikuwa wangali wakibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye kutumia baruti ya moshi. Na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliitwaa Kilimatinde.

Bunduki za zama hizo zilizosalia huonyesha madoa meusi katika mti wake, hasa penye misumari na pete za kasiba. Masizi ya baruti huvuta unyevu, na chuma huliwa. Lakini weusi huo si kutu tupu. Chuma kilichoyeyuka hupenya mtini, kikakutana na tanini, ile dawa itumikayo kutengenezea ngozi. Vikazaa rangi iliyo ndugu ya wino wa kale wa Ulaya. Ndiyo sababu msasa haulifai doa sugu: hula mti, hufuta alama za mafundi na wenyewe, na weusi hubaki ndani.

Atakaye kuliondoa na ahakikishe kwanza kwamba bunduki haina risasi wala baruti. Kisha atenge chuma na mti, apanguse vumbi la kutu kwa kitambaa kikavu, na apake maji ya ndimu juu ya doa tu. Asidi hukifungua chuma kutoka katika tanini. Asuuze kwa maji machache, akaushe kivulini, na arudie. Asidi ya oksaliki ina nguvu zaidi, lakini ni sumu.

Hata hivyo, mwanahistoria asifanye haraka. Doa la mviringo mahali pasipo na pete leo laonyesha kwamba pete ilihamishwa. Doa la msumari penye ufa ni habari ya fundi aliyeutengeneza. Hati za boma ziliandikwa na watawala. Mbeba bunduki hakuandika, na pengine doa hilo ndilo ushahidi wake pekee. Basi na lipimwe, lichorwe na kupigwa picha kabla ya ndimu kuligusa. Na chuma kikiisha kusafishwa na mti kukauka, doa halizidi, laweza kuachwa.