Kabla Serikali haijaamua, waraka hupita wapi?

Msimu wa korosho ukifika, wasikilizaji wetu wa Masasi na Newala hutuuliza: waziri akitamka jambo kwenye mkutano wa hadhara, je, Serikali imeshaamua?

Mara nyingi bado. Jambo kubwa la sera, au muswada wa sheria, huanza wizarani kama waraka. Makatibu wakuu wa wizara huujadili kwanza, ili kila wizara inayoguswa itoe maoni yake. Ndipo unapofika Baraza la Mawaziri.

Nani anaongoza kikao?

Mwenyekiti ni Rais. Asipokuwepo huongoza Makamu wa Rais, na wote wawili wasipokuwepo, Waziri Mkuu.

Nani anaandaa kikao?

Ni Katibu wa Baraza la Mawaziri, kazi ya Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa ibara ya 60 ya Katiba, hupanga ratiba na ajenda, hutunza kumbukumbu, na huwafikishia wahusika maamuzi. Vikao ni vya siri, hivyo hata sisi wa redio husubiri tangazo.

Ofisi ya Waziri Mkuu je?

Hiyo ni ofisi nyingine. Ibara ya 52 inampa Waziri Mkuu usimamizi wa kazi za Serikali za siku hata siku, na uongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Ofisi yake huratibu wizara na kushughulikia maafa kama mafuriko.

Tofauti hiyo tuliiona Novemba 2018, bei ya korosho ilipokwama. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwapa wanunuzi siku nne waseme watanunua tani ngapi. Tarehe 12, Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi liisombe. Waziri Mkuu alisimamia. Neno la mwisho likawa la Rais.

Wewe ufanye nini?

Ukisikia ahadi, uliza: ni kauli ya waziri, au Baraza limeshapitisha? Bunge linapokutana, Alhamisi ni siku ya wabunge kumwuliza Waziri Mkuu maswali ya papo kwa papo kuhusu sera. Basi mpe mbunge wako swali mapema, kabla hajapanda basi la Dodoma.