Kilomita za Kwanza

Ukiiuliza simu yako umbali wa Nairobi hadi New York, itakujibu chap chap: kama kilomita 11,800 hivi. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya Kenya Airways inayozimaliza kwa saa kumi na tano bila kutua popote. Unakula, unalala, unaamka, umefika.

Lakini simu haitakuambia Embakasi ilikuwa mbali kiasi gani kwa msee wa South Nyanza mwaka 1959. Homa Bay na Migori za leo zilikuwa ndani ya South Nyanza. Ulipanda meli Homa Bay hadi Kisumu, kisha treni hadi Nairobi. Na hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Shida ilikuwa nauli ya ndege. Vijana wengi walikuwa na barua za vyuo vya Marekani mkononi, hata ufadhili wa masomo, ila hawakuwa na pesa za kuvuka bahari.

Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, aliona kwamba kukodi ndege nzima kungepunguza gharama. Akaenda Marekani kutafuta wa kumsaidia. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Septemba 1959, wanafunzi 81 wakaruka. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafirishwa. Mmoja wao alikuwa Wangari Maathai.

Huku kwetu watu hupenda kusema Barack Obama mzee, mzaliwa wa Kanyadhiang, alikuwa kwenye ndege ile ya kwanza. Hakuwemo. Alienda Hawaii mwaka huohuo, lakini nauli yake ilitoka kwingine. Yaani hata aliyekuja kuwa maarufu kuliko wote alihitaji mtu wa kumlipia njia.

Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Amelala Rusinga.

Leo Homa Bay ina uwanja wa ndege wa Kabunde, Migori ina Lichota. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumba yetu, na chuo chenyewe kilikuwa umbali wa usiku mmoja tu kwa basi. Kwa hiyo siamini sana hesabu za kilomita.

Wiki jana niliongezwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha harambee. Binti wa jirani yetu Migori amepata nafasi katika chuo kimoja Marekani. Masomo yamelipiwa. Kinachokosekana ni tiketi.

Nimetuma mia tano. Kwenye orodha mimi ni namba kumi na saba.