TANURI, KUPALIA NA BISKUTI ZA PAKITI
Historia fupi ya msamiati wa uokaji, pamoja na yaliyotukia Ras Mkumbi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani kwa mkuza istilahi, zile za jikoni ndizo zinazodharauliwa kuliko zote. Istilahi za fizikia huundiwa jopo, za sheria huitiwa mawakili, za benki husubiriwa kwa hamu. Bali istilahi za chakula hudhaniwa kuwa zipo tayari, kwa kuwa kila mtu anakula. Makala haya yanahusu kazi moja ya namna hiyo, nayo ni kufasiri maelezo yaliyochapishwa juu ya pakiti ya unga wa biskuti: ule unga uliokwisha kuchanganywa kiwandani pamoja na sukari, chumvi na poda ya kuumulia, ambao mpishi hutakiwa kuutia siagi na yai tu, akaukanda, akaukata vipande, akauoka, na baada ya robo saa akawa na biskuti za nyumbani. Maelezo yenyewe yalikuwa sentensi 9. Tafsiri yake ilikusudiwa kuingia katika kijitabu cha mafunzo ya vikundi vya kina mama. Niliimaliza kwa siku moja.

Rasimu hiyo niliichukua hadi kaskazini ya kisiwa cha Mafia, katika kijiji cha Bweni, karibu na Ras Mkumbi, mahali ulipo mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. (Hapa yafaa nimwonye msomaji mapema: kufanana kwa jina la rasi hii na makumbi ya nazi si ushahidi wa kitu chochote. Etimolojia ya sikio imekwisha kutupotosha mara nyingi.) Nilikuwa na pakiti mbili, karatasi yangu, na imani kubwa mno juu ya karatasi hiyo.

Kina mama waliokusanyika walimwachia bibi mmoja nafasi ya kusema kwanza. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu, soma tukusikie." Nikasoma sentensi ya kwanza: "Pasha tanuri moto kabla hujaanza kuchanganya." Bibi akanitazama kwa upole, akauliza, "Tanuri la chokaa, mwanangu?"

Wengine walicheka kidogo, kwa adabu. Ndipo mama mmoja kijana akauliza swali lililoniuma zaidi: je, basi mafunzo haya ni ya wenye umeme tu?

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Neno "tanuri" nililichagua kwa sababu lina sifa zote ambazo wakuza istilahi huzipenda. Ni neno la kale, limo katika kamusi, na lina ndugu katika lugha nyingi. Limetufikia kutoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kina deni kwa lugha za kale zaidi za Mashariki ya Kati. Waakadi wa Mesopotamia walikuwa na neno la namna hiyo hiyo kwa jiko la udongo la kuokea mikate. Kwa hiyo aketiye ofisini na vitabu vyake atasema, bila ya kukosea, kwamba tanuri ni mahali pa kuokea mkate. Lakini maneno yanaposafiri hubadili kazi. Katika pwani yetu kazi kubwa iliyohitaji moto wa tanuri haikuwa mkate, ilikuwa ni chokaa. Majumba ya mawe na misikiti ya kale, tangu Lamu hadi Kilwa, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe juu ya lundo kubwa la magogo. Magofu ya Kua, katika kisiwa cha Juani, si mbali na Mafia kuu, ni kazi ya tanuri hizo. Kwa mtu wa pwani, basi, tanuri ni lundo la magogo na mawe linalowaka usiku na mchana. Kumwambia aliwashe kabla ya kukanda biskuti ni sawa na kumwambia achome shamba zima apate kula muhogo.

Nilikuwa na maneno mawili ya akiba. La kwanza ni "joko", ambalo wengi hulitumia kwa mahali pa kuchomea vyungu au matofali. Nalo lina tatizo lile lile la tanuri. La pili ni "oveni", neno lililoingia kutoka Kiingereza na ambalo mijini halihitaji maelezo. Sina ugomvi na oveni. Chombo kinapokuwa cha kigeni na jina lake likawa limekwisha kukaa vinywani, kulifukuza ni kupoteza wakati. Lakini oveni ni jina la chombo, na katika nyumba zile chombo hicho hakikuwamo. Kilichokuwamo ni kitendo.

"Sisi tunapalia," bibi alisema, na kwa neno hilo moja akaifuta nusu ya karatasi yangu.

Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko cha chombo kilicho jikoni, ili kilichomo kiivishwe kwa joto la juu na la chini kwa pamoja. Neno hilo tunalo katika kamusi zetu, ila tumelizoea zaidi kwa wali na pilau, na ndiyo sababu halikunijia akilini nilipofikiria biskuti. Hebu tufikiri, lakini: oveni hufanya nini zaidi ya hayo? Huzingira chakula kwa joto kavu pande zote. Sufuria iliyofunikwa kwa bati, makaa chini yake na makaa juu yake, hufanya kazi hiyo hiyo, na pwani imeoka kwa njia hiyo mkate wa kumimina na mkate wa sinia bila ya kusubiri umeme. Katika kisiwa cha minazi kama Mafia, moto wenyewe haununuliwi. Makumbi huwasha upesi, na vifuu hutoa makaa makali yanayofaa kupandishwa juu ya bati. Mfasiri anayeandika "oveni" peke yake huwaambia watu hao kwamba hawana uwezo wa kuoka, ilhali wamekuwa wakioka tangu enzi za mababu.

Historia inatuonyesha jambo hili kwa neno jingine pia. Mkate wa mofa, ule mdogo wa mviringo wa unga wa mtama, unajulikana sana pwani na umo katika kamusi. Huko Yemeni neno lenye sauti hiyo ni jina la jiko la udongo ambamo mikate hubandikwa. Kwetu jina la jiko limegeuka kuwa jina la mkate. Wasemaji hawakuitisha kikao. Walichukua walichohitaji, wakaacha mengine.

"Biskuti" nayo ina safari ndefu. Asili yake ya mbali ni Kilatini, kwa maana ya kitu kilichopikwa mara mbili, na hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya mkate wa mabaharia: ulikaushwa hata maji yote yakaisha, ukaweza kukaa miezi mingi chomboni bila ya kuoza, ingawa meno yaliteseka. Aghalabu husemwa kwamba sisi tumeipata biskuti kwa Waingereza. Inawezekana, lakini sauti yenyewe hainiridhishi. Kiingereza hutamka silabi ya mwisho kwa irabu iliyo karibu na "i", na mkopo wa moja kwa moja ungetarajiwa kutupa "biskiti". Kireno, ambacho kilifika pwani hii tangu 1498, husema "biscoito". Kihindi husema "biskut", na Waarabu wa Ghuba wana matamshi yanayokaribiana na hayo. Mimi naegemea upande wa Bahari ya Hindi: yamkini ni wafanyabiashara na mabaharia wa bahari hiyo waliotupa ile "u", hata kama bidhaa yenyewe ilitoka Ulaya. Kuhusu Mafia, tukumbuke kwamba mji wa Chole ulikuwa na wafanyabiashara Wahindi wa kutosha kujenga hekalu lao, ambalo magofu yake yapo hadi leo. Tena mnamo Januari 1915 majeshi ya Kiingereza yaliteka kisiwa, na kutoka hapo ndege zilisaidia kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai mwaka huo huo. Biskuti ngumu na nyama ya kopo vilikuwa ndiyo posho ya askari wa zama hizo. Kwa hiyo kisiwa hiki kimeijua biskuti kwa milango zaidi ya mmoja.

Waamerika wana neno lao kwa biskuti hizi za nyumbani, walilolirithi kwa wahamiaji wa Kiholanzi: "koekje", yaani keki ndogo. Ni udogishi mtupu, kama ki- yetu. Neno hilo hilo limetumika pia katika kompyuta, na huko sisi tumelifasiri "kidakuzi", ambalo halina uhusiano wowote na kuliwa. Basi na asije mfasiri mvivu akawapikia watu vidakuzi.

Wapo walionishauri nitumie "kileja". Hoja yao si dhaifu. Kileja ni kikavu, ni kidogo, huumbwa kwa mkono kwa unga, samli, sukari na iliki, na huokwa. Kwa kila kipimo ni biskuti ya nyumbani, tena yetu. Hata nankhatai ya Wahindi ni jamaa yake. Lakini kileja ni jina la kitu mahususi, na kwa asili unga wake ni wa mchele. Tukilipanua neno hilo lifunike kila biskuti, tutakuwa tumepata istilahi moja na kupoteza chakula kimoja. Nililiacha.

Sehemu ngumu zaidi ya pakiti ilikuwa ni ile poda. Tunalo neno "chachu", lenye mzizi wa Kibantu wa kuchacha, na "hamira", lililotoka katika Kiarabu kwa maana hiyo hiyo. Lakini poda ya pakiti haichachi. Ni tindikali na magadi yaliyotengenezwa, vikavu vyote viwili, vinavyokutana vinapopata maji na kutoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo ndiyo inayoinua unga. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, alitengeneza poda ya namna hiyo mwaka 1843, kwa kuwa mkewe hakupatana na hamira. Miaka miwili baadaye Henry Jones wa Bristol alipewa hataza ya unga uliokwisha kuchanganywa na poda hiyo, na aliyemlenga hasa alikuwa baharia: unga wake ungemwezesha kula mkate laini baharini badala ya ile biskuti ya kuvunja meno. Jeshi la Majini la Uingereza lilimzungusha karibu miaka 10. Huyo ndiye babu wa pakiti yangu.

Kuita poda hii "hamira ya unga", kama wafanyavyo baadhi yetu, ni kusema jambo lisilo kweli darasani, na mwalimu wa sayansi kimu atakuja kulisahihisha kwa taabu. Nilimuuliza bibi unga huwaje unapokuwa tayari. "Umeumuka," alisema. Nikamuuliza zamani waliuumua kwa nini. "Kwa tembo, mwanangu. La mnazi." (Desturi hiyo inajulikana pia Goa na Kerala.) Basi tembo, hamira, na poda, vyote vinaumua, ila si vyote vinavyochacha. Kitenzi kilicho sahihi kwa vyote kipo tayari, nacho ni kuumua. Kutokana nacho napendekeza "kiumuo" kuwa jina la jumla, "poda ya kuumulia" kwa ile ya kopo, na "unga wa kujiumua" kwa ule wa Jones. Magadi yabaki kuwa magadi.

Jina la mchanganyiko wenyewe halijatulia. Bibi aliishika pakiti, akasikiliza orodha ya vilivyomo, akasema, "Umekwisha tiwa kila kitu. Sisi tutautia nini?" Swali hilo si geni katika historia ya bidhaa hii. Kampuni ya Duff ya Pittsburgh, Marekani, ilipata hataza ya unga wa keki uliochanganywa pamoja na mayai makavu mwaka 1933. Katika hataza ya pili, ya 1935, iliyaondoa mayai, ikaeleza kwamba mama wa nyumbani hupendelea kutia yai bichi mwenyewe. Kwa sababu hiyo sipendi "unga tayari", maana huo hauko tayari, wala "mseto", ambao ni chakula kingine. Kwa sasa nimeandika "unga wa biskuti wa pakiti". Ni mrefu, lakini haudanganyi.

Mkupuo wa kwanza uliungua chini, kwa sababu tulifuata dakika za karatasi, na "digrii 180" haikuwa na maana kwa mtu yeyote pale, nikiwamo mimi. Katika wa pili bibi aliyatoa makaa mengi ya chini akayapandisha juu, akanyunyiza unga kidogo ndani ya sufuria tupu, akaungoja ubadilike rangi kuwa kahawia hafifu, kisha akapanga biskuti. Zilitoka nzuri. Sentensi ya kwanza ya rasimu ya pili sasa inasomeka hivi: "Washa oveni, au andaa makaa ya kupalia, mengi juu na machache chini, nyunyiza unga kidogo ndani ya chombo, nawe uanze kuoka unapokuwa wa kahawia hafifu." Wasomaji wa Pemba, Kilwa, Lamu na kwingineko ambako kupalia kuna jina jingine, au kuna kipimo kingine cha joto kisicho cha digrii, wanaombwa watuandikie kabla ya kijitabu kwenda kwa mpiga chapa.