Bloku Iliyopasuka na Mafundi wa Kisangani

Tarehe 1 Desemba 1883 Henry Morton Stanley alifika kwenye maporomoko ya Wagenia akiwa na vyombo vidogo vya mvuke, akatafuta mtu wa kumwachia kituo kipya. Aliyekubali kubaki hakuwa mwanajeshi wala mfanyabiashara. Alikuwa Binnie, Mskochi, fundi wa mashine wa mojawapo ya vyombo hivyo. Wagenia walikuwapo hapo tangu zamani, wakitega samaki kwa vikapu vyao vikubwa, na mji haukumngoja Mzungu ili uwe na watu. Hata hivyo mkuu wa kwanza wa kituo kilichokuja kuitwa Stanleyville, na tangu 1966 Kisangani, alikuwa makanika. Waandishi wengi hupita hapo mbio ili wamfikie Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa maporomoko hayo mwaka 1887. Anayetaka kujua kwa nini mji huu umekuwa na mafundi hodari wa injini aanze na Binnie.

Sababu yenyewe ni umbali. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani mto una urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, na kabla ya reli ya Matadi kukamilika mwaka 1898, kila kipande cha chuma kilipanda kutoka pwani vichwani mwa wapagazi. Meli Peace ya mmisionari George Grenfell ilifunguliwa ikawa mizigo kama 800. Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza kuiunganisha walifariki, na Grenfell, ambaye hakuwa mhandisi wa meli, akaifunga yeye mwenyewe pamoja na wasaidizi Waafrika. Ilishushwa majini mwaka 1884, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imefika kwenye maporomoko. Joseph Conrad naye, baharia aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, alikuja Kongo mwaka 1890 akitarajia kupewa meli Florida, akaikuta imeharibika. Ndiyo maana alipanda mto hadi hapa kwa meli nyingine, Roi des Belges. Mashine ikifa Kongo ya juu, hakuna duka la jirani.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1906 kampuni ya CFL ilifungua njia ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto ya mto, mahali panapoitwa Lubunga leo, hadi Ponthierville, sasa Ubundu, ili mizigo iyapite maporomoko kwa nchi kavu. Reli na meli zilihitaji karakana, na karakana zilihitaji watu wa kuchoma vyuma, kugonga ribiti, kuchonga mihimili na kuziba nyufa za boila. Katikati ya miaka ya 1930 liliundwa shirika la usafirishaji la Otraco, ambalo baadaye likawa Onatra. Upande wa kaskazini kampuni ya Vicicongo, iliyoanzishwa mwaka 1924, iliendesha reli nyembamba ya Aketi pamoja na malori ya kuzoa pamba na kahawa katika Uele. Kampuni za namna hiyo zilikuwa vyuo bila kuitwa vyuo. Kijana aliingia kama mfagiaji, akashikishwa taa, akakabidhiwa spana, na miaka ikapita kabla hajaruhusiwa kugusa krenki.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili injini ya dizeli ikaushinda mvuke. Malori ya Fiat 682, yaliyoanza kuundwa mwaka 1952, yalienea sehemu nyingi za Afrika, yakifuatana na Mercedes, MAN na Magirus-Deutz. Haya ya mwisho yalipozwa kwa hewa. Hayakuwa na rejeta, na kila silinda ilisimama peke yake, hivyo moja ikiharibika ilitolewa na nyingine kuwekwa. Mengine yote yalitegemea maji, na maji ndiyo chanzo cha kilio.

Chukua barabara ya Beni, zaidi ya kilomita 700 kupitia Bafwasende, Niania, Mambasa na Komanda, sehemu kubwa ndani ya msitu. Mvua ikinyesha, lori lenye mzigo huzama hadi ekseli. Dereva anaweka gia ya kwanza, anakanyaga mafuta. Gari haliendi, kwa hiyo upepo hauingii kwenye rejeta, tena matundu yake yamekwisha kuzibwa na udongo mwekundu. Gari linachemsha. Mpira wa maji unapasuka, maji yote yanamwagika. Hapo ndipo linapofanyika kosa ambalo mafundi wa Afrika Mashariki yote hulilalamikia: utingo anakimbia kijitoni na dumu, kisha anamimina maji baridi ndani ya injini inayowaka. Bloku imetengenezwa kwa chuma cha kusubu, na chuma hicho hakina uvumilivu. Upande mmoja unasinyaa kwa ghafla huku mwingine ungali umetanuka, na ufa unapita katikati.

Dalili huonekana kesho yake. Rejeta inatoa mapovu, moshi mweupe hauishi, na ukichomoa kijiti cha oili unaikuta imekuwa kama chai ya maziwa, kwa kuwa maji yameingia humo. Injini ikiendeshwa hivyo, beringi zinaungua na krenki inakwaruzika, na mara nyingi mwisho wake ni kunoki.

Kwingineko bloku hiyo ingepelekwa kwenye vyuma chakavu. Kisangani, injini inashushwa. Inafunguliwa hadi ibaki bloku tupu, inaoshwa, kisha ufa unasakwa kwa njia ya zamani na ya uhakika: sehemu inayoshukiwa inapakwa mafuta ya taa, inafutwa ikakauka, halafu inasuguliwa chaki. Baada ya muda mafuta yaliyojificha yanapanda juu, na mstari mweusi unajichora juu ya weupe, mara nyingi mrefu kuliko ulivyodhaniwa. Fundi anatoboa tundu dogo kila ncha ili ufa usiendelee kutembea.

Kazi iliyobaki ina njia mbili. Ya kwanza ni moto. Chuma cha kusubu kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4, na kikichomelewa kikiwa baridi kinakuwa kigumu na kupasuka tena pembeni mwa mshono. Kwa hiyo bloku hupashwa moto kwanza, huchomelewa kidogo kidogo kwa fimbo zenye nikeli, kisha hufukiwa kwenye majivu au mchanga ipoe polepole. Njia ya pili, kushona kwa baridi, haina moto kabisa: matundu hutobolewa yakipandana kufuata ufa, na kila moja hutiwa skrubu ya chuma na kukatwa juu. Ufundi huu uliendelezwa katika mashamba ya mafuta ya Texas miaka ya 1930, mahali ambapo cheche moja ingeleta maafa. Kwenye ukuta wa maji, kushona kwa baridi hushinda kuchomelea, hata kama kunachukua muda mrefu.

Baadaye huja kupima: njia za maji zinafungwa kwa bamba na mipira, bloku inajazwa maji, na pampu ya mkono inaongeza shinikizo huku jicho likikaa kwenye mshono. Ikishika, slivu mpya zinaingizwa, krenki inachongwa kwa robo milimita au nusu, beringi za saizi hiyo zinatafutwa, na bolti za silinda hedi zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Beringi hizo huweza kutoka soko la Kisekka la Kampala au kupitia bandari ya Mombasa, iliyo zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara.

Historia ya nchi iliuzidisha umbali huo. Waasi wa Simba waliuteka mji Agosti 1964, na mapigano ya kuukomboa Novemba mwaka huo yaliacha damu nyingi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza biashara za wageni zitwaliwe, na za Wagiriki, Wareno na Wahindi zikabadili mikono. Wengi waliozipokea hawakuijua kazi, na vipuri vikaadimika. Uporaji wa miaka ya 1990 ulifuata, halafu vita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, maelfu ya makombora yakaanguka na mamia ya raia wakauawa. Katika miaka hiyo ya vita mto ulifungwa na mstari wa mapigano, na baiskeli zikabeba mizigo ya malori. Injini iliyokufa wakati huo ilifufuliwa kwa vipande vya injini nyingine, au ilibaki imekufa.

Isisemwe kwamba kila bloku huokolewa. Ufa ukipita kwenye vikalio vya beringi za krenki, fundi mwaminifu humwambia mwenye lori ukweli, kwa sababu mshono wa hapo hautavumilia mzigo.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu Kisangani ni habari za magavana na majeshi, au riwaya za wageni. Wazee waliojifunza kazi katika karakana za reli na meli wanazidi kupungua. Chuo Kikuu cha Kisangani kiko hapo hapo, na Lubunga ni safari fupi ya kuvuka mto. Wanafunzi wa historia wa chuo hicho na wavuke na vinasa sauti, wawaulize wazee hao majina ya walimu wao, zana walizotumia na injini walizozirudisha barabarani, wakati bado wapo wa kujibu.