Matabishi
Wakongo waishio Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, wana katika Kiswahili chao neno "matabishi", lenye asili ya Kireno, "mata-bicho", yaani "ua mdudu", jina la kileo cha asubuhi ambalo baadaye lilikuja kumaanisha bakshishi. Muuzaji akishapima dagaa, huongeza kiganja kimoja juu ya kipimo, na ziada hiyo, ndiyo matabishi yenyewe, ambayo kwa Kichewa huitwa "basela" na kwa Watanzania ni nyongeza tu (jina lililopooza kidogo), haihesabiwi kuwa punguzo, kwa kuwa bei hubaki palepale; ni bahati ndogo ambayo mnunuzi, bila haya yoyote, huidai.